Dawa Zilizobaki za Mke wa Fundi Saa

Mtaa mzima ulimwita Mama Rudisha. Jina hilo alijipatia kwa kinywa chake mwenyewe, maana kwa miaka kumi na tisa, kila alipomkabidhi mteja dawa na kumweleza ameze vingapi na saa ngapi, alimalizia kwa maneno mawili yale yale, bila kupandisha sauti wala kuishusha: "Zikibaki, rudisha." Watoto waliotumwa dukani kwake walimwigiza njiani, mmoja akijifanya mfamasia na mwenzake mgonjwa. Watu wazima waliitikia "haya" kama mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia, wakaenda zao.

Hata hivyo walirudisha. Hawakuwa wote, wala hawakufanya haraka, ila mwaka hadi mwaka idadi yao iliongezeka. Walizileta katika mifuko ya sukari, katika soksi, katika makopo ya dawa ya viatu. Bwana mmoja alileta vidonge vya tumbo ndani ya bahasha ya mwaliko wa harusi, ikabidi afuatwe kwake akarudishiwe kadi, kwa kuwa harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi ile. Wengine walileta nusu dozi za dawa za kuua vijidudu, wakaeleza kwa fahari kwamba walipona siku ya tatu na hawakuona sababu ya kuendelea. Hao Mama Rudisha aliwakalisha kwenye benchi na kuwapa somo ambalo hawakuwa wameliomba.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi mweusi, na koti jeupe lililochakaa viwiko kwa kuegemea kaunta. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele palikuwa na kaunta, mzani wa kupimia watu na benchi la mbao. Nyuma, kupita pazia, palikuwa na stoo, na ndani ya stoo ile, chini ya rafu ya mwisho, ndoo kubwa ya buluu yenye mfuniko wa kubana na kufuli dogo. Kando ya ndoo kulikuwa na kasha la chuma lililokazwa ukutani kwa ajili ya dawa kali, zile ambazo kila tone lazima litolewe maelezo.

Mumewe, ambaye ni fundi bomba, ndiye aliyemtia hamu ya kazi hii. Katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa alikuwa akirudi nyumbani akimhesabia alivyovikuta kwenye mabomba ya watu, na siku moja akataja vidonge. Vilikuwa vingi, vimeganda kama udongo kwenye kona ya bomba la choo la nyumba ya ghorofa. Mama Rudisha hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Aliwaza maji yale yanakwenda wapi baada ya bomba, na nani huyateka. Baadaye alikwenda kumwona msimamizi wa dawa wa hospitali ya wilaya, wakakubaliana: yeye atapokea dawa zilizobaki majumbani, na kila baada ya miezi mitatu atazipeleka hospitali zikateketezwe katika tanuri la taka, ambalo moto wake ni mkali kuliko moto wa jalalani.

Namna yake ya kufanya kazi ilimchosha kila aliyeitazama. Kila mfuko aliufungua juu ya sinia jeupe, glavu mkononi. Alitenganisha vidonge, dawa za maji na za kupaka, na yale makopo ya kupuliza ya wagonjwa wa pumu, ambayo hayaendi motoni kwa kuwa hupasuka. Alihesabu kidonge kimoja kimoja. Aliyafuta kwa wino mzito majina ya wagonjwa yaliyokuwa juu ya maboksi, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake hata akiwa ameshazikwa. Kisha aliandika katika daftari: dawa gani, kiasi gani, na sababu ya kurudishwa. Kilichoandikwa hakikutoka tena. Hakikurudi rafuni kwa mgonjwa mwingine, hata kikiwa kwenye karatasi yake hakijaguswa, maana hakuna aliyejua kilikaa juu ya jiko gani au kwenye dirisha la jua kali kiasi gani.

Dada wa mumewe, aliyekuwa akimsaidia upande wa sabuni, pamba na nepi, hakuacha kumtania. "Wifi, umeanza tena kupekua mifuko ya watu? Siku moja utatoa nyoka humo."

"Akitoka nitamtazama tarehe yake," alijibu Mama Rudisha, bila kuinua macho. "Ikiwa imepita, anaingia ndooni."

Kabla ya kufungua mfuko wowote, aliuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa: ni za nani? La pili: mwenyewe anajua? Hili la pili lilitokana na mkasa wa zamani, pale mkaza mwana mmoja mwenye bidii alipofagia chumba cha mkwewe na kuleta kila alichokuta, huku bibi wa watu akiwa hai, mzima wa macho na ulimi, akitafuta dawa yake ya moyo chini ya mto. Tangu siku ile Mama Rudisha hakupokea dawa ya mtu aliye hai bila idhini yake, na ya marehemu bila idhini ya aliyemuuguza. Alilishika jambo hilo kwa miaka mingi. Alilikosea mara moja tu, na mtu aliyemkosea alikuwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee mrefu, mkimya, ambaye kwa miaka arobaini alitengeneza saa za watu katika kibanda cha vioo karibu na posta. Simu za mkononi zilipofanya watu waache kuvaa saa, alifunga kibanda, akahamishia vifaa vyake mezani nyumbani. Muda si mrefu mkewe alipatwa na saratani, na utulivu wote wa mikono ile ukahamia kwa mgonjwa. Kwa miaka mitatu alikuwa akija dukani kila Jumatatu ya pili, akakaa kwenye benchi, akatoa kijitabu chenye jalada jekundu, akasoma kilichokwisha na kilichobaki. Dawa ya saa kumi na mbili na nusu haikutolewa saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Mama Rudisha, ambaye alikuwa amezoea kubembeleza watu wasisahau dozi, alimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi asiyehitaji kuulizwa. Mzee naye alimwita "mwanangu," na hakumwita hivyo mtu mwingine yeyote dukani.

Mkewe alifariki. Mama Rudisha alikwenda msibani na hakugusia dawa. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia, na Fundi Saa akawa anakuja kuchukua vidonge vyake vya presha, anaaga, anaondoka. Zilizobaki za marehemu hakuzileta, na mfamasia hakutaka kumdai mtu vitu vya mkewe kabla moyo wake haujatulia.

Ndipo binti yake wa mwisho alipokuja dukani asubuhi moja, akasubiri wateja waishe, akaeleza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Alikuwa akiishi na baba yake tangu msiba. Kila asubuhi, alisema, baba yake huweka visahani viwili mezani. Kimoja chake, kimoja cha mama. Kwenye kile cha mama huweka vidonge vyote vya siku nzima, vya asubuhi na vya usiku, kama zamani, na pembeni hupima ile dawa kali ya maji kwenye kikombe chake kidogo. Jioni huvirudisha vidonge chupani na dawa ya maji huimimina ndani ya chupa yake, tone kwa tone. Hasemi neno wala halii. Yeye binti asingeingilia, kama si kwamba juzi, baba akiwa amezama katika mawazo, mkono wake ulikwenda kwenye kisahani cha mama. Vidonge vya presha ni vidogo na vyeupe. Vya mama vya usingizi navyo ni vidogo na vyeupe. Binti alimwita, naye akashtuka, akaurudisha mkono.

Mama Rudisha aliijua kila dawa iliyokuwa mezani pale, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitoa. Mzee wa miaka sabini na sita akinywa kipimo cha mgonjwa aliyezoea dawa ile kwa miezi mingi angeweza kulala na asiamke. Walishauriana kwa sauti ya chini. Binti aliona kwamba baba akiombwa atakataa, na akikataa hatarudi nyuma. Kesho yake saa tatu baba angekwenda kunyolewa. Mama Rudisha alisita kidogo tu, kisha akasema: "Basi zilete."

Zililetwa, zote, ndani ya mfuko wa nguo. Alizimwaga juu ya sinia, akazihesabu, akaziandika, akafungia kali katika kasha na nyingine katika ndoo. Swali lake la pili hakuliuliza, maana jibu alikuwa nalo.

Fundi Saa alifika saa tano na robo, kichwa kimetoka kunyolewa, kofia mkononi. Hakukaa kwenye benchi.

"Bibi mfamasia," alisema, na kwa neno hilo tu Mama Rudisha akajua amepotewa na kitu. "Nimekuja kuchukua dawa za mke wangu."

Alimweleza, kwa upole wote aliokuwa nao, kwamba zilikwisha kuandikwa na kufungwa, na kwamba kilichopokelewa hakitoki tena, iwe kwa mwenyewe au kwa mwingine. Alimweleza hatari ya visahani viwili. Alijisikia anasema mambo ya kweli tupu na hakuna hata moja lililokuwa na uzito.

"Kila anayeingia hapa unamuuliza kama mwenyewe anajua," alisema mzee. "Miaka mitatu nimekaa kwenye benchi hilo nikikusikia. Mimi hukuniuliza."

"Ni kweli, baba."

Fundi Saa akatia mkono mfukoni, akatoa boksi lake la vidonge vya presha, lile alilochukua siku mbili kabla, akaliweka juu ya kaunta, akalinyoosha hadi likalingana na ukingo wa ubao. "Na hizi pokea. Umesema zikibaki turudishe. Zimebaki."

Akavaa kofia, akatoka. Wifi mtu, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliendelea kupanga sabuni zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Kwa siku nne boksi lile lilikaa juu ya rafu ya kaunta, likimsubiri mwenyewe. Siku ya tano Mama Rudisha alilihesabu, vidonge ishirini na nane, akaliandika katika daftari. Mwenyewe alikuwa amelirudisha kwa hiari yake, na kanuni ya kumfuata mwenyewe, aliyoivunja mara moja, hakutaka kuivunja mara ya pili. Ila safu ya sababu aliiacha wazi. Hakukuwa na la kuandika: mgonjwa hakufariki, tarehe haikupita, daktari hakubadilisha dawa.

Siku ya saba binti alirudi, uso umemshuka. Baba hamezi kitu. Alikuwa amempeleka hadi duka jingine la dawa, baba akakaa nje. Asubuhi ile alilalamika kichwa kinamgonga kisogoni, na alipokuwa akifunga kamba za viatu ilibidi ashike ukuta. Binti alisema hayo bila kumlaumu mtu, na Mama Rudisha aliona afadhali angelaumiwa.

"Wifi," alisema dada wa mumewe baada ya binti kuondoka, "wewe ni hodari wa kuhesabu vidonge. Kusema 'nisamehe' unahitaji vingapi?"

Mchana ule Mama Rudisha alivua koti jeupe, akalitundika, akaenda.

Nyumba ya Fundi Saa ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo. Ukutani saa sita zilikuwa zikienda pamoja, kiasi kwamba mlio wao ulikuwa mlio mmoja. Dirishani palikuwa na meza ya kazi, na juu yake koleo ndogo, brashi, mafuta katika kichupa, na skrubu zimepangwa kwa ukubwa juu ya kitambaa cheupe. Kwenye meza ya chakula kulikuwa na visahani viwili vitupu. Alikaribishwa kwa adabu, akapewa kiti na maji ya kunywa. Mzee mwenyewe alikaa upande wa pili, macho yamemwiva, mshipa wa paji la uso unaonekana ukidunda.

Mama Rudisha hakutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia kwamba alikosea, na akalitaja kosa lenyewe kwa jina lake: aliogopa atakataliwa, ndiyo maana hakuuliza. Alisema kwamba kazi ya miaka kumi na tisa ilikuwa imemzoesha kuona dawa pale watu wengine wanapoona kitu kingine. Mzee alisikiliza akikuna kucha ya kidole gumba.

"Binti yangu anadhani nimerukwa na akili," alisema mwishowe. "Najua mke wangu amekufa. Nilimfumba macho mimi. Lakini kwa miaka mitatu nimeamka saa kumi na moja na nusu kwa ajili ya vile vidonge. Sasa niamke saa ngapi?"

Mfamasia alikunywa maji yake. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. Kesho kutwa, Alhamisi saa nne, atapeleka kila kitu hospitali. Kabla ya kuteketezwa, dawa kali husomwa moja moja mbele ya msimamizi wa dawa, zinahesabiwa upya, watu wanatia saini. "Dawa za mama siwezi kuzirudisha," alisema. "Lakini ukitaka, utakuwepo zikisomwa."

Fundi Saa alitazama saa zake. Akauliza mfamasia atasoma kutoka katika nini. Mama Rudisha akasema, kutoka katika daftari lake. Mzee akatikisa kichwa kwa mashaka ya fundi anayesikia kwamba kazi yake imefanywa na mtu mwingine. "Utakuwa umekosea mahali," alisema. "Nitakuja nihakikishe."

Kuhusu kumeza vidonge vyake hakusema lolote, na alipotajiwa aliinuka kumfungulia mgeni mlango.

Alhamisi alikuwa mbele ya duka saa tatu na nusu, suti imepigwa pasi, kijitabu chekundu mfukoni. Alitembea taratibu, na mara mbili alisimama akijifanya anatazama mabango. Mama Rudisha, aliyekuwa amebeba kikasha kidogo chenye dawa kali, alisimama pia na kutazama mabango yale yale. Ndoo ilikuwa imetangulia kwenye gari la hospitali.

Tanuri lilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, chini ya paa la mabati, bomba lake la moshi limepanda juu kupita miti. Mtunza tanuri alikuwa mtu mnene wa maneno machache, mwenye aproni ya ngozi. Alimtazama mzee mwenye suti, akauliza kama huyu ndiye mkaguzi kutoka wizarani.

"Huyu ni mkubwa kuliko mkaguzi," alisema Mama Rudisha. "Chapa kazi vizuri."

Msimamizi wa dawa, mama mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, alielezwa kwa kifupi. Alifikiri, akasema kwamba kanuni zinataka mashahidi wasiopungua wawili na hazisemi wasizidi wangapi. Akamletea mzee kiti cha plastiki. Fundi Saa alikikataa, akasimama, akafungua kijitabu.

Mama Rudisha alianza kusoma dawa zote za marehemu, kali na zisizo kali, zile za ndooni zikiwa zimetengwa pembeni. Dawa ya maji ya maumivu makali, chupa moja, mililita sitini na mbili. Mzee alifuata kwa kidole katika kurasa zake. Akasema ni sawa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa, kwamba hiyo mke wake aliichukia, hata akizidiwa na maumivu aliinywa akiwa amejiziba pua, na baadaye alitaka apewe kipande cha ndimu. Msimamizi wa dawa alipima chupa, akaandika, hakumharakisha. Dawa ya kuzuia kutapika, vidonge kumi na moja. Sawa. Hiyo ilimsaidia wiki mbili za mwanzo tu. Dawa ya kulainisha choo, nusu chupa. Sawa, ingawa nusu ile ilikuwa imezidi kidogo mstari, na mzee aliomba iandikwe hivyo. Ikaandikwa hivyo. Mtunza tanuri alikuwa amevua kofia, labda kwa sababu ya joto.

"Vidonge vya usingizi," alisoma Mama Rudisha, "ishirini na sita."

Kidole cha mzee kilisimama. "Ishirini na saba."

Alihesabu upya juu ya sinia, mbele yao wote. Vilikuwa ishirini na sita. Fundi Saa alisema kwamba walipewa thelathini. Mke wake alimeza vitatu, usiku wa tarehe tisa, wa kumi na wa kumi na mbili, na vyote vimeandikwa. Msimamizi wa dawa aliweka kalamu chini. Kwa dawa za aina hii, alisema, kidonge kimoja kikikosekana hakuna saini inayotiwa mpaka kijulikane kilipo. Alimtazama Mama Rudisha, naye Mama Rudisha akapitisha kidole tena kwenye mstari wa daftari. Alijua alihesabu mara tatu. Alijua pia kwamba kila mfamasia anayepoteza kidonge husema alihesabu mara tatu.

Mzee alipekua kijitabu mbele na nyuma. Kisha akaacha kupekua. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokuwa amekikataa.

"Hakikupotea," alisema. "Nilikimeza mimi."

Ndani ya chumba cha kufulia mashine ilikuwa ikizunguka.

"Wiki tatu zilizopita. Nilimeza nikadhani ni cha presha. Nilikaa kwenye kiti changu asubuhi, nikaamka saa zote zinaonyesha kumi na moja, nisijue ni za alfajiri au za jioni. Nikamwita mke wangu aniambie. Nikawa nasubiri ajibu." Alifunga kijitabu, akakishika kwa mikono miwili. "Nilisubiri sana. Sikukiandika. Miaka mitatu hakuna dozi ambayo sikuiandika, hiyo sikuiandika."

Mama Rudisha alichutama mbele yake, sinia angali amelishika, maana dawa kali haiwekwi chini ovyo. Alitaka kumwambia mengi, na yote yalikuwa mambo ya kitaalamu. Akamwambia tu, "Nimefurahi uliamka, baba."

Fundi Saa aliitika kwa kichwa. Baada ya muda alitoa kalamu yake, akafungua ukurasa, akaandika mstari mmoja, tarehe na saa, akamwonyesha msimamizi wa dawa. Naye aliandika katika fomu yake kwamba kidonge kimoja kilimezwa kimakosa na mlezi wa mgonjwa, akamwomba atie saini. Mzee akatia. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameketi na sinia lilikuwa mbele yake, aliinua vichupa vya dawa za mkewe kimoja baada ya kingine na kuviweka mwenyewe ndani ya mfuko mwekundu wa kuchomea. Mama Rudisha alimpa glavu, akazivaa bila kubisha.

Ilibaki orodha ya ndoo, ambayo husomwa haraka. Karibu na mwisho msimamizi wa dawa aliinua kichwa. "Hapa kuna vidonge vya presha, ishirini na nane, vya juzijuzi kabisa. Sababu hukuandika."

Mama Rudisha alimtazama mwenye vidonge.

Fundi Saa alikohoa, akajirekebisha tai. "Andika hasira," alisema.

Mtunza tanuri alicheka kwanza, kicheko kizito cha mtu asiyecheka mara nyingi, kisha akaomba radhi. Msimamizi wa dawa alieleza, akijikaza asicheke, kwamba fomu ina sababu sita na hasira haimo. Aliiandika chini ya "mengineyo."

Mfuko mwekundu uliingia motoni saa tano kasoro dakika saba. Hawakuona chochote, kwa sababu mlango wa tanuri ni wa chuma na hufungwa mara moja. Mzee alisimama mpaka mtunza tanuri akamwambia kwamba sasa humo hamna kitu ila majivu, na kwamba majivu nayo yana shimo lake la zege. Alimshukuru kwa kumpa mkono.

Walirudi kwa gari la hospitali. Dukani Mama Rudisha alimkalisha, akamfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akasubiri mashine imalize kunguruma. Mia na sabini na nane kwa mia na nne. Alimwonyesha namba bila kuzipunguza. Akafungua boksi jipya, akatoa kidonge, na wifi mtu akaleta maji kabla hajaambiwa.

"Anywe saa ngapi kila siku?" aliuliza wifi, ingawa alijua.

Mama Rudisha alisema asubuhi, saa yoyote, mradi isiwe leo saa moja na kesho saa nne. Fundi Saa alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mwanangu," alisema, "saa yoyote si saa. Nitajie moja."

Akamtajia saa moja na nusu. Mzee aliwaza. Ilikuwa ni saa nzima baada ya ile ya dozi aliyoizoea, na wale wanawake wawili walimwona akiipima kichwani, akiijaza na kitu, labda usingizi, labda chai na binti yake kabla hajaenda kazini. Alikubali. Alimeza kidonge, akainua glasi hadi mwisho, akakaa kwenye benchi kama alivyoagizwa.

Alipimwa tena baada ya nusu saa, na namba zilikuwa karibu zile zile. Mama Rudisha alimwambia kweli, kwamba dawa hii haina haraka, na kwamba anataka kumwona kesho, na siku itakayofuata, mpaka ishuke. Fundi Saa aliandika hayo yote katika kijitabu chekundu, kwenye ukurasa mpya, na juu ya ukurasa, mahali ambapo kwa miaka mitatu kulikuwa na jina la mkewe, aliandika la kwake.

Kesho yake presha haikushuka. Siku ya nne ilishuka.